Pugu na Ziwa Minaki kwa familia: panafaa sana, ila chagua saa yako

Familia ya Dar inayotaka kilima, msitu na maji kwa siku moja, irudi ilale nyumbani, haina haja ya kufikiria Lushoto. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), iko kama kilomita 30 tu kutoka Posta. Unapita Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto na Pugu Kajiungeni, kisha unashika njia ya Kisarawe. Vilima vyenyewe havizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari. Anayetafuta mlima wa kujipima nguvu atapaona padogo, lakini kwa mtoto wa miaka sita ni kiasi chake kabisa: anapanda, anachoka kidogo, anafika juu, anaona alikotoka. Tunapapendekeza bila kusita, kwa sharti moja tutakalolieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi.

Watu huenda Pugu wakitaka vitu vitatu kwa mpigo: ziwa, mandhari ya juu kilimani, na popo wanaotoka mapangoni. Popo hawatoki mpaka jua lizame. Hapa Dar jua huzama kuanzia saa 12 na robo jioni mwishoni mwa Mei hadi saa 1 kasorobo mwezi wa Februari. Familia iliyoingia saa 3 asubuhi inamaliza ziwa na kilima kabla ya adhuhuri, halafu inabaki na saa sita za joto, watoto wamechoka, maji yamekwisha, na baba bado anasisitiza wasubiri popo. Hiyo si matembezi tena. Amua kabla hujatoka nyumbani: ama asubuhi ya kilima na ziwa, ama alasiri ya ziwa na popo.

Wenye watoto wa chini ya miaka minane waende asubuhi. Saa 2 uwe getini, na anzeni kupanda kabla ya saa 3, maana ndani ya msitu wa pwani upepo haupiti, na ikifika saa 5 jasho halikauki mwilini. Kilima kiwe cha kwanza, ziwa la mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa sababu watoto wanalilia maji, na wakishafika majini hakuna wa kuwang'oa. Mtoto aliyeahidiwa ziwa mwisho wa njia hutembea vizuri zaidi kuliko aliyekwisha kuliona.

Alasiri ni ya watoto wakubwa, miaka tisa na kuendelea. Fika saa 9, kaeni ziwani mle na kupumzika, mpande kidogo jua likishapungua, na tangu mwanzo mkubaliane na mwongozaji namna ya kufika mapangoni ili saa 12 kamili muwe mmesimama pale. Kila mtu awe na tochi yake, si tochi ya simu moja ya mama. Jua likishazama mwanga unabaki kama dakika 20 tu, na chini ya miti ni pungufu ya hapo.

Mwongozaji ni wa lazima, hata kama unajiamini. Msitu huu umeishi miaka mingi na wachoma mkaa na waokota kuni, na vijia vyao vimekatiza njia halali kila mahali. Kijia cha kuni na njia ya wageni vinafanana kabisa kwa macho. Tofauti ni kwamba kimoja kinaishia kwenye kisiki. Mwambie mwongozaji waziwazi kuwa mnataka mzunguko wa kilomita 4 au 5, na umtajie umri wa mtoto mdogo kuliko wote. Yeye hutembea kila siku, na "karibu tu hapo" ya kwake si ya mtoto. Kwa hesabu ya haraka, mtoto wa miaka 4 hadi 6 huenda kilomita 2 kwa saa na wa miaka 8 huenda 3. Ongeza dakika 15 hadi 20 kwa kila mita 100 za mwinuko, na dakika 10 za kupumzika kila saa. Kilomita 5 ni saa tatu. Anayekuambia saa moja na nusu hajawahi kutembea na mtoto anayeokota kila jiwe.

Kitoroli cha mtoto kiacheni nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka miwili abebwe mgongoni kwa mbeleko ya kitenge kipana, si khanga nyembamba inayoteleza kwa jasho. Mbebaji naye asibebe begi jingine, kwa sababu kwenye mteremko mikono yote miwili inahitajika.

Viatu ndivyo vinavyoangusha watu kuliko kitu kingine. Vijia vya Pugu ni mchanga na udongo laini wenye kaolini, ule udongo mweupe, na ukilowa unateleza vibaya hata mahali palipo karibu tambarare. Yeboyebo na ndala hazifai, na viatu vya shule vyenye soli iliyosawazika ni hatari zaidi kwa sababu vinaonekana imara. Raba yenye meno inatosha. Ukinunua viatu vya kupandia milima kwenye mitumba, kwa mfano pale Karume, angalia soli ya kati kabla ya kulipa. Vingi vilikaa stoo miaka mingi, na ile povu ya ndani huoza kwa unyevunyevu wa Dar hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikunje, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba. Ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga, soli hiyo itabomoka vipande vipande mkiwa katikati ya njia. Hata hivyo beba mita moja au mbili za tepi pana. Kiatu kilichofumuka kikifungwa tepi kinamfikisha mtu getini.

Suruali ziwe ndefu, za pamba, na soksi zivutwe juu ya pindo la suruali. Hili watu hulicheka mpaka wakutane na siafu. Ukiwakanyaga usisimame kuwatoa hapohapo: kimbia hatua ishirini kwanza, ndipo uvue. Mwenzao mwingine ni upupu. Maganda yake hukauka msimu wa kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, na vinyweleo vyake huruka kwa upepo hata bila kuguswa. Mtoto akiwashwa, mshike mikono asijikune, kwa sababu kujikuna ndiko kunakovizamisha. Bandika tepi juu ya ngozi na kuivuta mara kadhaa, kila mara kipande kipya, kisha mwagia maji mengi bila kusugua. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko peke yake.

Maji ya kunywa: mtu mzima lita 1.5 hadi 2 kwa saa tatu, mtoto wa miaka 6 hadi 10 lita moja kasoro kidogo. Gandisha nusu ya chupa mtakazobeba usiku wa kuamkia safari, lakini usizijaze. Acha robo tupu, barafu inapanuka na kupasua chupa. Paketi moja ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, ikae begini, na ichanganywe kwa lita nzima ya maji safi, si kwa kikombe. Chakula kiwe cha kustahimili joto: mihogo ya kuchemsha, mayai, chapati, karanga, korosho za Kisarawe, machungwa. Wali wa nazi na mchuzi wake, ambao ndio tunaoupenda wote, uache. Ukipikwa alfajiri na kufungiwa kwenye chombo ukiwa moto, adhuhuri umeshaanza kuchacha. Na mkishaketi kula, zipu za mabegi zifungwe. Tumbili wakizoea mkate wa wageni, mgeni wa kesho ndiye anayenyang'anywa.

Ziwa Minaki ni maji matulivu yaliyozungukwa na kijani, na kwa jicho la mtu wa Dar aliyezoea bahari lina utulivu wake wa pekee. Hapa ndipo mahali pazuri pa kukaa saa nzima bila kufanya lolote, na tunashauri hivyo kwa dhati. Ila si pa kuogelea. Kingo zenye tope huvuta mguu na kina hubadilika ghafla, tena maji yasiyo na chumvi yaliyotuama yenye majani na konokono ndiyo makazi ya kichocho. Mtoto hahitaji kuogelea ili kukipata. Kusimama maji ya magotini kunatosha. Wakae juu ya kingo, warushe vijiwe, na mtu mzima mmoja awe zamu bila simu mkononi.

Mapango ya popo yanastahili sifa zake, lakini yanahitaji nidhamu. Ni mashimo ya zamani ya uchimbaji wa kaolini, kwa hiyo mwamba wake ni laini na hauaminiki, na sakafu ina unyevu na kinyesi cha popo. Hatushauri mtoto aingie ndani hata hatua moja. Vumbi la kinyesi huweza kubeba fangasi wanaoshambulia mapafu, na baadhi ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya Marburg, ugonjwa ulioripotiwa Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Hakuna sababu ya kuogopa ukiwa nje. Simameni mita kumi au zaidi kutoka mlangoni, upande unakotoka upepo, msimulike ndani wala kupiga makofi, na msile chochote pale. Kwanza wanatoka wawili watatu, wanazunguka kama wanaokagua, kisha mlango wote unajaa na unasikia mbawa kabla hujajua unatazama nini. Wakisumbuliwa kwa mwanga wanarudi ndani, na familia nyingine iliyosubiri jioni nzima inakosa.

Ukibaki mpaka giza, tega sikio kwa komba. Pugu ni miongoni mwa misitu michache sana duniani anakoishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi mwenye mkia kama brashi ya kusafishia chupa, ambaye yuko hatarini kutoweka. Kumwona ni bahati. Kuwaambia watoto kwamba yupo juu yao, nusu saa tu kutoka Gongo la Mboto, kunawafanya wanyamaze kuliko amri yoyote. Wakubwa wao waonyesheni pia upande iliko Shule ya Sekondari Pugu, zamani Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha aliporudi kutoka Edinburgh, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashike kazi ya TANU.

Msimu: Juni hadi Agosti, kipupwe, ndio bora, tukikumbuka upupu. Machi hadi Mei usiende na watoto wadogo. Udongo ule mweupe ukishanyeshewa siku mbili hakuna kiatu kinachoushika. Desemba hadi Februari inawezekana asubuhi tu. Wanaotaka zaidi ya Pugu wana Morogoro kwa treni ya SGR, lakini njia ya kupanda Morningside, kwenye Milima ya Uluguru, ni mwinuko wa kweli, na tungesubiri watoto wafike miaka kumi.

Malipo ya kiingilio ni kwa kontroli namba kupitia simu, kwa hiyo salio liwepo kabla ya kufika, na bei ya siku hiyo ulizeni ofisi ya TFS. Tofauti ya raia na mgeni ni kubwa, hivyo bebeni vitambulisho. Wasio na gari wapande daladala hadi Gongo la Mboto, kisha ya Kisarawe, wamalizie kwa bajaji. Kwa safari ya jioni, patana na dereva wa bajaji akusubiri na umlipe nusu ya pesa mwishoni, kwa sababu usiku mbele ya geti la msitu hakuna anayepita kutafuta abiria. Foleni ya Gongo la Mboto jioni ni ndefu, kwa hiyo weka akiba ya saa nzima na chapati mbili. Mkifika nyumbani, kabla ya mtoto kulala, mkague nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Kupe akionekana, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala kiberiti.