Kupima figo maabara ya mtaani Ngamiani, nyota 3

Jamani juzi nilimpeleka bi mkubwa maabara moja huku Ngamiani, Tanga, ana sukari mwaka wa 10 sasa na miguu imeanza kuvimba. Mtoa damu ana mkono mwepesi sijaona, sindano moja tu mshipa kashaupata, maana kwingine huwa wanamtoboatoboa mpaka machozi. Majibu ya kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, siku ileile, ila karatasi ina namba tupu, eGFR hawajapiga, na hiyo ndo inakwambia figo zinachuja kiasi gani, ikikaa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi ujue figo zina shida. Nikauliza na mkojo je, yule kijana ananambia "dada, damu inatosha". Haitoshi bwana! Mwenye sukari albumini, yaani protini ya damu, inaweza kuanza kuvuja kwenye mkojo huku kreatinini bado iko vizuri tu, ndo maana vinatakiwa vipimwe vyote viwili angalau mara moja kwa mwaka. Nilikomaa pale mpaka wakaleta kikopo. Usafi poa, benchi la kusubiria liko juani, na joto la Tanga mnalijua.