Kaviari ya stajeni wa kufugwa: uzoefu wangu wa makopo mawili

Kwa miaka mingi nilisusia kaviari, yaani mayai ya samaki aitwaye stajeni yaliyotiwa chumvi, kwa ajili ya samaki mwenyewe. Stajeni wa Bahari ya Kaspi walivuliwa hadi wakakaribia kwisha, na tangu 1998 biashara ya aina zote za stajeni duniani inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa hiyo niliposikia kuna shamba linalowafuga, nilikwenda kuwaona kwanza, pochi baadaye.

Ni samaki wa ajabu. Hana magamba, ila ana mistari mitano ya vibamba vya mfupa mwilini, na ndevu nne mbele ya mdomo usio na meno. Mfanyakazi alimtoa jike mmoja bwawani, akamlaza kwenye hori lenye maji, akampitishia kipimo cha altrasaundi tumboni kama mjamzito kliniki. Kwa macho huwezi kujua dume na jike, na jike wa stajeni wa Siberia anaweza kuchukua miaka saba hivi kabla ya kutoa mayai. Beluga, aina nyingine ya stajeni, hupita hata kumi na tano. Anayetaka faida ya haraka afuge kuku.

Kopo langu la kwanza lilikuwa la gramu 30. Kabla ya kulifungua nilisoma lebo: BAE, yaani stajeni wa Siberia, kisha herufi C, kwamba kazaliwa kifungoni. Ingekuwa W, wa porini, ningelirudisha. Nikaweka vipunje vichache nyuma ya kiganja, karibu na kidole gumba. Vilikaa kimoja kimoja, vyeusi vinavyoelekea kijivu, na nilipovilamba ngozi haikubaki na shombo. Ladha ni ya siagi kwanza, chumvi inafuata kwa mbali. Tope sikulisikia kabisa. Waliniambia kabla ya kuvuna humhamishia samaki kwenye maji safi na kumnyima chakula ili harufu ya bwawa imtoke, nami naamini. Tumia kijiko cha plastiki au cha ganda la chaza, maana husemwa cha chuma huharibu ladha.

Kopo la pili niliagiza niletewe. Lilifika barafu imeshakuwa maji. Chini kulikuwa na mchuzi, mayai yamelegea, na shombo lilinipokea kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Kitu hiki kinataka baridi ya karibu nyuzi sifuri, wala si friza, kwa kuwa kikiganda vipunje hupasuka. Walinibadilishia, lakini baada ya siku nne za kuulizana nani aliyezembea.

Kuhusu mazingira, nyama yake huuzwa pia, hawaitupi, hilo nimelipenda. Chakula chao ndicho kinachonikera: ndani yake mna unga wa samaki waliovuliwa baharini, na nilipouliza ni kiasi gani, mwenyeji alianza kunionyesha mabwawa mengine.

Nyota nne. Ya tano ipo kwangu, na kopo lijalo nitalifuata mwenyewe na kasha langu la barafu.