Shimba Hills na kikosi cha Chipukizi: nyota nne, na viazi vilivyotulipia safari

Kiongozi wa skauti aliye Mombasa au Kwale, mwenye Chipukizi wa miaka 11 hadi 15 ambao hawajawahi kulala kwenye hema, nitamwambia aende Shimba Hills kabla ya kwingine kokote. Ni karibu, ni msitu kwelikweli, na tembo wamo. Nasimamia kikosi cha shule huku Likoni, na haya ninayoandika ni ya kiongozi mwenzangu anayekaa mezani usiku akijiuliza ataanzia wapi na pesa atazitoa wapi. Mtalii wa kawaida ana maandishi mengine ya kumfaa.

Watu wa Pwani hupanda matatu ya Kwale kila siku bila kujua kwamba mbele kidogo ya mji ule kuna hifadhi ya taifa tangu 1968. Ndipo mahali pekee Kenya palipobakia palahala wanaoishi porini, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma kama majambia mawili. Nilikuwa na patroli, kikundi kidogo ndani ya kikosi, iliyoitwa Palahala kwa muda mrefu, na wanachama wake wote walidhani ni ndege.

Tuanze na malango. Hifadhi inaendeshwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na malipo hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Usifike pale na bahasha ya noti mlizochangishana. Viwango hubadilika, kwa hiyo sikuandikii bei hapa, viangalie wiki unayopanga bajeti. Cha muhimu kuliko bei ni barua. Andika barua yenye kichwa cha shule na mhuri, taja idadi ya watoto, umri wao na viongozi wangapi, uipeleke mapema uulize kiwango cha vikundi vya wanafunzi. Kiongozi anayejitokeza langoni Jumamosi asubuhi na watoto waliovaa skafu anategemea huruma, na huruma haijazi bajeti.

Gari ni lazima, tena la kutwa nzima. Hapa ndipo viongozi wengi hukosea hesabu: hulipia nauli ya kwenda na kurudi Kwale wakadhani wamemaliza. Kutoka langoni hadi mahali pa kuanzia matembezi ni safari ya ndani kwa ndani, barabara ya vumbi, na kuna tembo na nyati. Hamtembei kwa miguu. Dereva akiwashusha langoni akaondoka, mmekwisha. Basi la shule ndilo bora kama lipo. La kukodi, mwambie mwenyewe tangu mwanzo kwamba linalala au linarudi kesho yake saa ngapi, na muandikiane.

Sasa matembezi yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha yote. Mnashuka hadi maporomoko ya Sheldrick, kama kilomita mbili, mkiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Maji yanaanguka takriban mita 21 na chini kuna kidimbwi. Njia inaanzia kwenye nyasi, halafu inaingia msituni, na watoto waliokuwa wakipiga kelele kwenye basi wananyamaza wenyewe bila filimbi. Askari aliyetuongoza alikuwa mwalimu kuliko mimi. Alisimama kwenye kinyesi cha tembo akawauliza, "Huyu kapita lini?" Wakaanza kukisia. Mmoja akainama, akaweka kiganja karibu, akasema, "Bado kina joto, afande." Somo la kufuata nyayo ambalo nimelifundisha ubaoni kwa miaka liliingia vichwani kwa dakika moja. Muombe askari awaulize watoto maswali. Wengi wao hufurahi kuulizwa, kwani wageni wengi huwapita wakikimbilia picha.

Kushuka ni rahisi, kupanda kunakausha koo. Nendeni asubuhi, kila mtoto na chupa yake ya lita moja na nusu, si chupa ya kushirikiana. Yule Chipukizi mnene kidogo ambaye wenzake wanamcheka muweke mbele, kiongozi wa patroli yake nyuma yake, na kikosi kiende kwa mwendo wake. Nimeona vikosi vikimuacha mtoto nyuma na msaidizi mmoja, na hapo hata ukiwa na beji kumi sikuhesabu kiongozi.

Mbung'o wapo. Wanauma hadi kupitia nguo, na rangi ya buluu na nyeusi huwavuta. Kikosi kinachovaa fulana za buluu iliyoiva zilizochapishwa jina la shule kitajuta. Vaeni kaki, mikono mirefu, na waambie wazazi sababu, maana mzazi wa Pwani akisikia mikono mirefu mwezi wa Disemba ataona unamtesa mwanawe. Sambamba na hilo, waambie kuhusu sweta. Kule juu usiku unapoa na asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye kamba za hema. Watoto wa Likoni hawana sweta. Tuliomba kwa jamaa waliowahi kuishi Nairobi, zikatoka masanduku zikinuka dawa ya nondo, na hakuna aliyelalamika ilipofika saa nane za usiku.

Kupika: kuni za hifadhini haziokotwi. Sisi hubeba mitungi ya gesi ya kilo 6 yenye meko juu, sufuria mbili kubwa, na chakula kinakaa ndani ya basi, milango imefungwa. Nyani wa huku hawaombi. Wanajua mkate ulioko kwenye mfuko wa karatasi na wanajua mtoto gani ni mwoga. Moto wa kambi, ule wa nyimbo na michezo ya kuigiza, uliza kwanza kama unaruhusiwa na wapi. Kama hapana, taa ya sola katikati ya duara inatosha, na hadithi za mababu wa Kidigo kuhusu kaya, makao yao matakatifu ya kale, zilizomo humo msituni zinatisha vilevile.

Kidogo juu ya tembo, maana wazazi watauliza. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 2005 KWS ilihamisha kama 150 kutoka hapa kwenda Tsavo Mashariki, kwa kuwa walikuwa wakiingia mashambani na msitu wenyewe ulikuwa unaelemewa. Waeleze wazazi hivyohivyo, pamoja na uzio wa umeme na askari. Mama mmoja alinishika mkono baada ya mkutano: "Mwalimu, mimi sikukatazi, lakini huyo mwanangu hutembea usingizini." Nilishukuru kuambiwa. Alilala katikati ya hema, mlango umefungwa kwa fundo alilofunga kiongozi wa patroli kwa majivuno makubwa. Kila fomu ya ruhusa iwe na nafasi ya maneno kama hayo, si ya sahihi tu.

Nije kwenye pesa, kwa sababu najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu.

Kabla ya safari yetu, wakala mmoja wa utalii alitaka kutuuzia kila kitu: basi, chakula cha pakiti, mahema yaliyokwisha kusimamishwa, hata spika ya muziki. Spika! Nilimshukuru nikatoka. Mtoto ambaye hakusimamisha hema lake hajapiga kambi, amelala lojing'i ya kitambaa. Na bei ile ingetulazimisha kurudi kwa wazazi na kadi za harambee, na wazazi wa mitaa yetu wamechoshwa na kadi: ya msikiti, ya kanisa, ya hospitali, ya matanga, ya basi la shule.

Tukauza viazi karai na mabuyu. Si wazo geni, na ndiyo maana linafaa: mnunuzi wa Mombasa hahitaji kushawishiwa kula kiazi cha karai. Viazi tulinunua Kongowea kwa gunia, na ukwaju hukohuko. Bibi mmoja anayekaanga jirani na shule alikubali kutufunza bila malipo, kwa sharti kwamba tusiuze saa zake wala mahali pake. Lishike sharti hilo hata kama hukuombwa. Skauti hawafai kumnyang'anya mtu riziki. Aliwaambia watoto, "Wanangu, unga uwe mzito ushike kidole, na mafuta yakianza kutoa moshi, punguzeni moto, msiniunguzie nyumba." Watu wazima ndio walioshika karai la mafuta. Watoto walimenya, walikata, walichovya, walipanga, walihesabu.

Biashara kubwa ilikuwa Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, wakati kila nyumba inatafuta cha kufuturu. Waliofunga hawakuonja chumvi; kazi hiyo waliifanya wenzao Wakristo, wakaifanya kwa bidii iliyonitia shaka. Mabuyu nayo yana faida ya kutoharibika haraka: unayapika kwa sukari, iliki, rangi na pilipili, unafunga pakiti za shilingi 10, yanakaa kabatini hadi siku ya wazazi au fainali ya mpira wa mtaa. Viazi vikibaki jioni ni hasara. Mabuyu yakibaki ni akiba.

Hesabu iwe wazi mpaka ikere. Kila patroli iwe na daftari lake, mweka hazina mtoto, na karatasi kubwa ya manila ukutani inayoonyesha kilichotumika, kilichoingia, kilichobakia hadi lengo. Malipo ya simu yaingie kwenye laini ya mzazi aliyechaguliwa mkutanoni, si yako wewe kiongozi. Faida msiigawe kwa aliyeuza zaidi. Tuliiweka chungu kimoja, na aliyekuwa hana hata shilingi nyumbani alipanda basi sawa na mwana wa mwenye duka, bila mtu kujua nani angeweza kulipa na nani hangeweza.

Usiwatume watoto na makopo ya kuchangisha kwenye kivuko cha Likoni wala stendi. Kuchangisha hadharani kunataka kibali, na hata ukiwa nacho, umati ule wa jioni si mahali pa mtoto wa miaka 12 mwenye pesa mkononi. Wauze shuleni, uwanjani, kwenye hafla za watu mnaojuana, wawili wawili, mtu mzima akiwaona.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja. Ndani ya hifadhi huwezi kumpa mtoto ramani na dira ukamwacha atafute njia yake. Wanyama hawaruhusu, na sheria pia, na ni sawa. Kwa hiyo Mwamba, skauti wenye miaka 15 kwenda juu, wataona wanaongozwa kama watoto wa chekechea. Hao wapelekeni kambi ya skauti ya Rowallan kule Nairobi, iliyopokea skauti wa dunia nzima mwaka 2010, au wangojee Nyeri mwezi wa Februari, vikosi vinapokusanyika kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kukumbuka kuzaliwa kwake tarehe 22. Kutoka Pwani, Nyeri ni viazi vingi sana.

Msiende wakati wa masika, barabara za ndani huteleza na hema za mtumba huvuja. Likizo ya Agosti ndiyo yenyewe: kusi linavuma, jua si kali. Ukipanga Agosti, anza kukaanga tangu Ramadhani.