Kingamwili C594.9B na MR1A: jozi ya kuchunguzia seli shina za utumbo wa nzi

Anayetaka kuona jinsi ishara ya Notch, protini inayopokea ujumbe kutoka seli jirani, inavyoamua hatima ya seli shina katika utumbo wa kati wa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, atahangaika sana kupata jozi inayoizidi hii. Zote mbili hutoka Developmental Studies Hybridoma Bank ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. C594.9B hushika protini ya Delta, MR1A hushika protini ya Prospero. MR1A haina matatizo kabisa. C594.9B ni nzuri pia, ila humwadhibu anayeruka hatua.

Seli shina hubeba Delta kwa wingi. Ikigawanyika, Delta huwasha Notch kwenye binti mmoja, naye huwa enteroblasti, kisha enterosaiti, ile seli kubwa ya kufyonza chakula. Notch ikiwa hafifu, njia ni nyingine: seli ya homoni yenye Prospero kwenye kiini. Kwa hiyo kingamwili hizi mbili zinaonyesha mwanzo wa uamuzi na mojawapo ya miisho yake.

Zote ni za panya, tena za aina ya IgG1, hivyo kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayoshika ya kwanza, haiwezi kuzitenganisha. Hakuna haja. Delta huonekana kama vidoti nje ya kiini, kwa sababu sehemu kubwa yake imemezwa ndani ya vifuko vya seli. Prospero hujaza kiini kizima. Ziweke pamoja kwenye rangi moja, nyekundu kwa mfano, ubaki na nafasi ya GFP, protini inayong'aa kijani, na ya kingamwili ya sungura dhidi ya histoni H3 yenye fosfati, inayoonyesha seli zinazogawanyika.

Penye kazi ni ukazaji wa awali (fixation), yaani kuhifadhi tishu kwa kemikali. Fomaldehaidi peke yake huonyesha Prospero vizuri, lakini mara nyingi Delta hutoka hafifu. Tumia fomaldehaidi 4% na heptani kwa ujazo sawa, dakika 15, ukitikisa taratibu. Ondoa tabaka la chini, weka methanoli baridi, tikisa kwa nguvu nusu dakika, kisha ondoa heptani iliyo juu. Badilisha methanoli, subiri dakika 5, halafu rudisha maji kidogo kidogo kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfati) yenye sabuni ya Triton X-100 0.1%. Methanoli huzima mwanga wa GFP, kwa hiyo anayetumia nzi wa esg-Gal4 (swichi ya jeni inayofanya kazi kwenye seli shina na enteroblasti) wenye GFP aongeze kingamwili ya sungura au kuku dhidi ya GFP. Wengi husahau hili, kisha wanadhani nzi wao wameharibika.

Anza na C594.9B kwa 1:100 na MR1A kwa 1:100, usiku mzima kwenye nyuzi 4. Ni majimaji ambamo seli zinazotengeneza kingamwili zilikuzwa, na wingi wa kingamwili hutofautiana kati ya fungu na fungu. Soma kiwango kilichoandikwa, ujaribu pia 1:50. Gawa kwenye vichupa vidogo ugandishe, usiyeyushe na kugandisha tena na tena.

Kabla ya kupasua, lisha nzi sukari 5% pekee kwa saa 2 hadi 4. Chakula kilichobaki tumboni hung'aa chenyewe na kufunika vidoti vya Delta. Usiminye utumbo chini ya kioo: seli shina ziko upande wa nje, karibu na misuli, na hupotea kwenye picha iliyobanwa. Tazama sehemu ya nyuma ya utumbo wa kati kwanza, kwa lenzi ya kukuza mara 40 au 63.

Kwa jaribio la kulinganisha, punguza Notch kwa RNAi (mbinu ya kunyamazisha jeni) ukitumia esg-Gal4 na Gal80 inayohisi joto, ambayo huzuia Gal4 kwenye baridi: lea nzi kwenye nyuzi 18, kisha hamishia 29 kwa takriban siku 7. Makundi ya seli ndogo zenye Delta, na mengine yenye Prospero, yatajitokeza wazi. Yasipoonekana, huenda tatizo liko kwenye ukazaji au kwenye kichupa cha kingamwili.

Kasoro kubwa haiko kwenye bidhaa bali kwenye biolojia. Katika nzi wazee, seli zenye Delta huongezeka, na baadhi huwa tayari zimewasha Notch. Kuhesabu seli zenye vidoti pekee na kuziita zote seli shina ni kosa. Hapo ongeza kipimo cha Su(H), kinachoonyesha Notch inayofanya kazi, au tumia majike wa siku 5 hadi 10 tu.