Kiboksi cha Kariakoo kwenye joto la Tabata

"Kaka, kompyuta hii inapiga gemu zote," muuzaji aliniambia, na pale dukani kwake kweli ilipiga. Duka lina AC. Nilicheza mechi moja ya FC 24, gemu ya mpira, huku vidole vikiganda kwenye pedi, nikapunguziwa mpaka 880,000, nikalipa.

Chenyewe ni kiboksi cha ofisini, mtumba, chembamba kiasi cha kusimama kati ya TV na ukuta wa sebule yangu. Ndani kuna prosesa ya Core i5-8500 ya mwaka 2018 yenye viini sita, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 512. Muuzaji ndiye aliyepachika kadi ya picha, GTX 1650 fupi ya GB 4. Njiani wauzaji wengine walinitamanisha na viboksi vya i5-6500, prosesa ya zamani zaidi, kwa bei ya kutupa, nikawapita. Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 Microsoft waliiacha Oktoba 2025.

Siri ya maboksi haya ni hiyo kadi. Inakula wati 75 tu, na zote inazivuta kwenye ubao mama bila waya wa pembeni, ndiyo maana inaishi na pawa saplai ya wati 260. Kesho ukitaka kadi kubwa, pole. Mfuniko hautafunga, waya wa kuilisha haupo, na pawa saplai ya kawaida ya madukani haikai humo kwa sababu hii ina umbo lake na plagi zake. Hilo muuzaji hakulitaja. Ulichobeba ndicho hicho.

TV yangu ni ya inchi 32, pikseli 1366 kwa 768 tu. Washkaji hunicheka, ila kwa kadi ndogo pikseli chache ni nafuu kubwa: GTA V inatembea fremu 60 kwa sekunde nikiwa nimeipandisha mipangilio, FC 24 ndiyo kabisa haisumbui. Cyberpunk 2077 niliishusha mpaka chini, bado ukiingia mtaa wenye watu inajikwaa. Nikaifuta. GB 70 za bando zikaenda hivyo.

Sasa joto. Februari, saa tatu usiku, chumba changu bado kinachemka. Baada ya saa nzima ya GTA kadi ilifika nyuzi 84 na feni ikaanza kulia mpaka mke wangu, aliyekuwa amelala chumba cha pili, akauliza nani anasaga juisi ya parachichi usiku huu. Kosa ni mfuniko: upande wa kadi ni bati tupu, haina pa kuvutia hewa. Nikaufungua. Nyuzi zikashuka hadi 76, kelele ikapoa. Siku ya nne nikamkuta mjusi kafiri kajilaza juu ya kadi, anaota moto. Tangu hapo kiboksi kinavaa kipande cha chandarua kilichochakaa, na kila Jumapili nakung'uta vumbi.

Umeme niliupima kwa kile kipimo cha kuchomeka ukutani: wati 140 hivi nikiwa nacheza. Masaa matatu kila usiku ni kama uniti 12 na nusu kwa mwezi. Kwa sisi tuliopangiwa uniti 75 za bei ya chini, hizo zinaonekana, hasa na friji ipo. Siku za kazi nacheza lisaa limoja, basi.

Huduma ya duka siwezi kuilaumu sana. RAM ilikuja kijiti kimoja cha GB 16. Niliporudi wakanipa viwili vya GB 8 bila kununa, na kwa kompyuta ya gemu viwili ni bora. Garantii ni miezi mitatu, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti, risiti yenyewe imeshaanza kufifia. Nimeipiga picha.

Kwa pesa ile ningekinunua tena, maana laptopu ya gemu ya bei hiyo sikuiona, ila nisingekubali kukijaribu kwa mechi moja. Mdogo wangu naye anakitaka. Nimemwambia aende saa nane mchana, siku ambayo duka liko kwenye jenereta na AC imezimwa, acheze saa nzima, kisha aweke kiganja juu ya mfuniko kabla hajatoa hela.