Steki ya bure ya Novemba 11: nyota tatu

Wanaoniuliza kama inafaa kwenda kula bure Siku ya Maveterani, sikukuu ya Marekani ya kuwaenzi waliotumikia jeshi, jibu langu ni nendeni, ila mjue mnachoenda kula.

Mgahawa wenyewe ni wa steki, mmojawapo wa ile yenye matawi kila upande hapa Marekani. Jina naliacha kwa sababu mingi huwalisha maveterani bure siku hiyo. Lazima ule hapo hapo, hakuna kufungiwa. Menyu ni ukurasa mmoja, soda na bakshishi ni juu yako, na sharti uonyeshe kwamba ulitumikia jeshi. Mimi nilitoa kadi ya maveterani. Ile DD-214, karatasi unayopewa ukitoka jeshini, si ya kutembea nayo karibu na mchuzi.

Nilikuwa na Baba Neema, mtu mrefu, kipara, mabega mapana. Binti wa mapokezi alipokea kadi kutoka mkononi mwangu, akamgeukia yeye, akamwambia, “Ahsante kwa utumishi wako.” Baba Neema hajawahi kuvaa hata sare ya skauti. Akajibu kwa adabu zote, “Karibu sana.” Nikasema aliyetumikia ni mimi. Binti akatoa ahsante nyingine, ile ile, kama karani anayegonga muhuri upya kwa kuwa wa kwanza ulikosea karatasi.

Sikukasirika. Wanawake wenzangu niliotumikia nao karibu wote wana kisa kama hicho. Lakini ndipo shaka yangu na sikukuu hii inapoanzia: shukrani imeshapikwa kabla mgeni hajafika, na anayetarajiwa ni mwanamume mwenye bunduki. Mimi nilikuwa mpishi. Kambini Bagram, Afghanistan, vita vyangu vilikuwa na mayai, uji wa shayiri, na kipimajoto cha kuhakikisha chakula hakipoi kabla ya mtu wa mwisho kwenye foleni.

Kwa hiyo nivumilieni kidogo kuhusu chakula. Steki niliomba isiive sana. Ililetwa imekauka hadi katikati, kingo zimekunjamana. Hiyo ni nyama iliyokaa chini ya taa ikingoja wa kuibeba. Viazi vilikuwa vya unga wa pakiti. Hivyo hanidanganyi mtu, nimevikoroga mpaka mkono ukafa ganzi: huteleza ulimini na havina bonge hata moja, na kiazi cha kweli hakikosi bonge. Brokoli, la kushangaza, ilikuwa bado kijani na inatafunika vizuri. Jikoni mle kuna mtu mmoja anayejali.

Meza ya jirani walikaa wazee wenye kofia za maveterani wa vita vya Vietnam, wakibishana kuhusu sajenti fulani huku chakula kikipoa. Sidhani hao walifuata steki.

Na sikukuu yenyewe si ya bure bure. Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yalisitishwa saa tano asubuhi, Novemba 11, 1918. Jina la sasa la siku hiyo lilikuja 1954 ili kuwaingiza na waliopigana vita vya baadaye. Kuanzia 1971 serikali kuu iliihamishia Jumatatu ya Oktoba, watu wapate wikendi ndefu. Wengi hawakukubali, malalamiko yakazidi, na 1978 ikarudishwa Novemba. Tarehe isiyo na maana kwa watu haipiganiwi hivyo.

Ila nikitaka kupima shukrani, napima kwingine. Bagram taka zilichomwa shimoni, plastiki na mabaki ya jiko langu pamoja, na moshi ule tuliuvuta sote. Kwa miaka, aliyeugua, ili apate fidia, alidaiwa athibitishe mwenyewe kwamba ni moshi. Sheria ya PACT ya 2022 iliandika orodha ya magonjwa: ukionyesha ulikuwepo na unaugua mojawapo, serikali inachukulia kwamba chanzo ni kule. Ilisainiwa Agosti, baada ya maveterani kulala kwenye ngazi za jengo la Bunge kule Washington. Hakukuwa na steki wala bendera za karatasi mezani.

Nyota ya tatu nimempa kijana aliyekuja kuondoa sahani. Aliona viazi nimeviacha, akauliza vina kasoro gani. Nikamweleza, na nilikojifunzia nikamweleza. Hakunishukuru. Aliuliza mayai ya kambi nzima yanapikwaje bila kugeuka kijani, nikamwonyesha kwa mikono: trei zisijazwe sana, yatolewe mapema, yaletwe kidogo kidogo. Akarudi na bakuli jingine la brokoli, bila mtu kuliagiza.

Mkienda, fikeni saa tisa mchana, kabla foleni haijatoka nje ya mlango. Na bakshishi piga hesabu kwa bei kamili ya chakula, si kwa soda uliyolipia. Mhudumu anabeba sahani zile zile, na siku hiyo anabeba nyingi zaidi.