Jumanne na tarumbeta langu ghorofani Kilimani

Nilipomwambia mke wangu kwamba Jumanne nitachelewa kwa sababu ya jamu, alidhani nasema foleni ya magari ya Ngong Road. Ikabidi nimwonyeshe begi la tarumbeta: hii jamu ni ya klabu ya jazi, wanamuziki wasiojuana wanapanda jukwaani kupiga pamoja bila mazoezi. Akacheka, akauliza kama kanisani wanajua ninakolipeleka.

Nimepuliza katika bendi ya Jeshi la Wokovu miaka 19, na mchana nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Jazi nilikuwa naisikia redioni tu, pamoja na tamasha moja la Safaricom Jazz nililohudhuria zamani. Nimeenda kwenye hii klabu Jumanne nne sasa, nikapanda jukwaani mara tatu.

Iko Kilimani, Nairobi, ghorofa ya pili, dakika tano kwa miguu ukishuka matatu ya 46 pale Yaya Centre. Kiingilio ni 500, ila ukija na ala yako unapita bure. Mlinzi alifungua begi, akachungulia, akasema, "Pita mzee, kaandikishe jina." Soda ni 250. Sisi wa Jeshi la Wokovu hatunywi kingine, kwa hivyo wananichuna vizuri. Chipsi sina neno nazo.

Saa mbili na nusu wenyeji wanaanza: piano, besi na ngoma. Baada ya nyimbo tatu nne, daftari linafunguliwa. Ukiitwa unataja wimbo na kii (noti ya msingi ambayo wimbo unapigwa), unahesabu, mnaanza pamoja na watu ambao hata majina yao huyajui. Mnapiga wimbo wenyewe kwanza, kila mmoja anapewa mizunguko yake ajitungie papo hapo, halafu mnarudi kwenye wimbo na kumaliza.

Mara ya kwanza nilichagua bluzi, ile ya vipimo 12 (kila kipimo mapigo manne) inayojizungukia, nikijua humo sitapotea. Mpiga piano akauliza, "Kii gani, mzee?" Nikajibu bila kusita: "C." Wenzangu wa bendi za matarumbeta nadhani mmeshaanza kucheka. Tarumbeta langu ni la B flati. Ninachokiita C, kwenye piano ni B flati. Kanisani karibu sote tunasoma hivyo, hakuna piano ya kutuumbua. Nikapuliza, na kilichotoka kilikuwa kama matatu mbili zinakwaruzana ubavu. Watu wa meza ya mbele wakaacha simu zao. Mimi nikafumba macho nikazidi kupuliza, maana nilidhani ni midomo imekauka. Kufika kipimo cha tano nikahisi besi imeteremka hatua moja, imekuja kunichukua nilipo. Piano ikafuata. Mara tuko pamoja! Hakuna aliyesimamisha wimbo, na mpiga ngoma hata uso hakuukunja. Tulipomaliza, yule wa besi akaniinamia: "Siku nyingine sema B flati, mzee wangu."

Huko Kansas City mwaka 1936, Charlie Parker, aliyekuja kuwa mpiga saksafoni maarufu wa jazi, akiwa bado kijana mdogo, alipotea kwenye jamu kama hii na mpiga ngoma Jo Jones akamtupia toazi miguuni. Mimi niliteremshiwa kii. Kwa hao watatu peke yao ningerudi kila wiki.

Kinachonikera ni daftari. Jumanne iliyopita niliandika jina saa moja na dakika kumi, nikawa wa tatu. Wakaitwa sita waliofika baadaye, wote wa kukumbatiana na mshereheshaji. Karatasi ukutani inasema nyimbo mbili kwa kila mtu. Mwimbaji mmoja alipiga nne, na ya nne alisahau maneno. Nikapanda saa nne na robo. Msichana mmoja wa saksafoni, aliyeniambia alianzia Ghetto Classics, mradi wa kufundisha vijana muziki kule Korogocho, aliandika jina nyuma yangu tu na akaitwa saa tano, nusu ya meza zikiwa tupu. Na yeye ndiye aliyekuwa moto usiku ule. Walipofika pale pa kubadilishana vipimo vinne vinne na mpiga ngoma, zamu moja alipiga viwili tu, akaacha viwili vitupu, ameshika saksafoni kifuani anamtazama. Mpiga ngoma akacheka kwa sauti, na yeye zamu yake akagonga toazi mara moja tu. Wenye kumbatio zao walikuwa wameshaita teksi.

Jambo jingine: ukikaa karibu na kaunta hutasikia piano, utasikia mashine ya barafu. Kaa kushoto kwa jukwaa.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja wataipata siku watakapofuata daftari lao wenyewe. Jumanne ijayo nitakuwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu. Mke wangu naye anataka kuja, ila ameuliza kwanza: akibeba tari lake la kanisani, atapita bure?